LUGHA YA MAMA KATIKA NCHI ZA UGENINI
Somo: Khabari za ndugu zetu Wasomali, na mazingatio yake kwetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: tumezoea katika darsa yetu kusoma mambo ya ibada na ya tabia njema. Leo tumeona yafaa tusome jambo ambalo watu wengi hulidhani kuwa ni dogo, nalo ni kupotea kwa lugha ya wazee katika vinywa vya watoto. Mfano tuliouchagua ni wa ndugu zetu Wasomali walioko ng'ambo. Hao ni jirani zetu na Waislamu wenzetu, na wengi wao walipita katika miji yetu hii kabla ya kufika huko waliko. Tena yaliyowafika wao leo hayakosi kutufika sisi kesho, ikiwa hayajatufika tayari.

KISA CHA BIBI NA MJUKUU

Mmoja katika jamaa wa darsa yetu alitusimulia aliyoyaona kwa jirani yake. Jirani huyo ni mama mtu mzima, asili yake Kismayu, aliyekimbilia Mombasa wakati wa vita. Mwanawe wa kiume anakaa Minneapolis, Marekani, na baada ya miaka mingi alikuja kumzuru pamoja na binti yake wa miaka kumi. Bibi alifurahi furaha ambayo kila mzazi aijua. Akamketisha mjukuu ubavuni pake, akamshika mkono, akaanza kumweleza khabari za babu yake. Mtoto akatabasamu, kisha akamtazama baba yake. Baba akafasiri. Mtoto akajibu kwa Kiingereza, na baba akafasiri tena. Ilipoadhiniwa laasiri baba akaondoka kwenda msikitini, na wale wawili wakabaki kimya. Punde bibi akainua mikono, akamwombea mjukuu wake dua ndefu kwa Kisomali. Mtoto alijua kuwa ile ni dua kwa kuiona mikono, akasema, "Amin." Hakujua hata neno moja katika yale aliyoombewa.

Hatukukisimulia kisa hiki ili kumlaumu baba yule. Ni mtu wa dini, afanyaye kazi usiku na mchana, na binti yake amekwisha kuhifadhi juzuu mbili za Qur'ani. Ndiyo maana kisa chake chafaa kwa somo. Kama mtu mzembe angelipoteza lugha yake tusingeshangaa. Linalotupasa kuliuliza ni hili: imekuwaje mtu mwema, mwenye kumpenda mama yake na mtoto wake, akawa ni ukuta baina yao?

LUGHA ILIYOKAA VIFUANI

Kisomali ni katika lugha za Kikushi, jamaa moja na Kioromo na Kirendile. Husemwa katika Somalia, Jibuti, upande wa mashariki wa Ethiopia, na kaskazini mashariki ya Kenya yetu. Ndani yake mna lahaja, na inayotangulia kwa wingi wa wasemaji ni ile iitwayo Mahaa. Watu wa baina ya mito ya Juba na Shabelle wana lahaja yao, Maay, ambayo imetafautika sana na hiyo ya kwanza.

Kwa muda mrefu lugha hii haikuwa na maandishi yaliyokubaliwa na wote. Wanazuoni waliiandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofanya Sheikh Uways wa Barawa, aliyekufa mwaka 1909, ambaye alitunga kasida kwa Kiarabu na kwa Kisomali. Baadaye, katika miaka ya 1920, Osman Yusuf Kenadid alibuni herufi mpya kabisa zilizoitwa kwa jina lake. Hatimaye mwaka 1972 serikali ya Somalia ilikata shauri kutumia herufi za Kilatini. Mwaka 1974 wanafunzi wa sekondari kwa maelfu walipelekwa mabarani kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika.

Maana yake ni kwamba kabla ya hapo elimu kubwa ya Wasomali ilihifadhiwa vifuani mwao. Mashairi yao, khasa yale waitayo gabay, hufungwa kwa sauti moja ya mwanzo wa neno inayorudiwa katika kila mshororo tangu mwanzo hata mwisho, kama sisi tunavyofunga vina mwishoni. Mtu aliweza kulisikia shairi refu, akalibeba kichwani, akalifikisha mji mwingine bila ya kupunguza neno.

Na jambo lingine, ambalo sisi watu wa darsa twapaswa tulizingatie zaidi, ni kwamba Kisomali kilikuwa ni mlango wa Qur'ani. Watoto wa Kisomali hufundishwa irabu za Kiarabu kwa maneno ya Kisomali: alifu yenye fat-ha huiita "alif la kor dhabey", na yenye kasra "alif la hoos dhabey", na yenye dhamma "alif la godey". Utaratibu huu wao huunasibisha na Sheikh Yusuf al-Kawneyn, aliyeishi karne nyingi zilizopita. Aliona kwamba mtoto hafikii asilolijua ila kwa kupitia lile alijualo, naye mtoto alilokuwa akilijua ni neno la mama yake.

WALIVYOTAWANYIKA

Kuhama kwa Wasomali si jambo jipya. Tangu karne ya 19 mabaharia wao walipanda meli za moshi kutoka Aden, wakafika Cardiff na bandari nyingine za Uingereza. Huko wengine walioa wanawake wa nchi ile. Baba akawa baharini, mama hakijui Kisomali, na watoto wakakua kwa Kiingereza. Hilo lilikuwa ni onyo la mapema, lakini watu wale walikuwa ni wachache.

Mafuriko yalikuja mwaka 1991, serikali ilipoanguka na vita vikaenea. Skuli zikafungwa na vitabu vilivyochapishwa katika miaka ya 1970 vikapotea. Watu wakakimbilia Kenya, na kambi za Dadaab zikaanza kufunguliwa mwaka huo huo. Kutoka huko wengi walipelekwa Marekani, Kanada, Uingereza na nchi za Skandinavia. Watoto waliosomea Dadaab walisoma kwa mitaala ya Kenya, yaani kwa Kiingereza, pamoja na somo la Kiswahili. Basi wengi katika wazazi wa leo walioko Minneapolis au Toronto wanakisema Kisomali vizuri, lakini hawakupata kufundishwa kukisoma. Na mtu hawezi kumfundisha mtoto wake kitabu ambacho yeye mwenyewe hakukisoma.

MFANO WA WAZIGUA

Hapa msomaji atasema: "Basi sababu ni kukosa vitabu na skuli." Hilo ni kweli kwa kiasi, lakini halitoshi. Tuwatazame watu wengine waliotoka nchi ile ile.

Katika karne ya 19 Wazigua walichukuliwa utumwani kutoka bara ya Tanga, wakapelekwa kusini ya nchi ya Wasomali. Wengi wao walitoroka, wakajenga vijiji vyao katika kingo za mto Juba. Hawakuwa na skuli wala kitabu wala serikali ya kuwatetea, na walizungukwa na watu wenye lugha yenye nguvu kuliko yao. Hata hivyo walikihifadhi Kizigua zaidi ya miaka mia. Vita vilipowatoa mwaka 1991 na baadhi yao wakafika Tanzania, walisema na watu wa Handeni wakaelewana. Wengine walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003, nao sasa wamekabiliwa na mtihani ule ule wa Wasomali.

Lugha hiyo ilishinda utumwa, je, itaishinda skuli ya Marekani? Jawabu halimo katika vitabu. Katika kingo za Juba, mtoto wa Kizigua alipoamka asubuhi alisemeshwa Kizigua, alicheza kwa Kizigua, na akitukanwa au akisifiwa ilikuwa ni kwa lugha hiyo hiyo. Lugha ilikuwa na kazi kutwa kucha. Lugha huishi kwa kutumiwa, na hufa kwa kuachishwa kazi.

JINSI LUGHA INAVYOTOKA NYUMBANI

Mtoto wa Kisomali huko ng'ambo huanza kusema Kisomali kama kawaida, kwani ndicho akisikiacho kwa mama. Akifika miaka mitano huenda skuli, na huko hukaa saa nyingi. Akirudi, huzungumza na ndugu zake kwa lugha ya skuli, kwa kuwa michezo na vituko vya siku nzima vilitokea kwa lugha hiyo. Mama husema Kisomali, mtoto hujibu Kiingereza; mama amefahamu, mtoto amefahamu, na hapana aonaye kuwa pana jambo. Hapo ndipo penyewe pa khatari. Mtoto huyo akiwa mzazi atakuwa na masikio ya Kisomali na ulimi wa Kiingereza, na mwanawe hatapata hata hayo masikio. Ndivyo ilivyowatokea wageni wengi waliohamia Marekani kutoka kila nchi: babu aliisema, mwana aliifahamu, na mjukuu hakuijua.

Jambo la pili ni daraja kupinduka. Kwa kuwa mtoto ndiye ajuaye lugha ya nchi, yeye ndiye anayepelekwa hospitalini na afisini kumfasiria mama yake. Mtoto wa miaka kumi na mbili husikia maradhi ya mama yake ambayo hakustahili kuyasikia, na hufasiri barua ya mwalimu inayomlalamikia yeye mwenyewe. Akizoea kuwa mama hawezi kitu bila yake, ataanza kuona kuwa lugha ya mama ni alama ya udhaifu. Na lugha iliyodharauliwa haisemwi.

UGUMU WA KUJIFUNZA

Kwa aliyeikosa utotoni na akataka kujifunza baadaye, Kisomali si chepesi. Katika herufi zilizokubaliwa mwaka 1972, x ni sauti ya ح na c ni sauti ya ع. Mtoto aliyezoea Kiingereza akiliona jina Cali, ambalo ni Ali, hulisoma "Kali"; na Xasan, ambaye ni Hasan, hata hajui aanzie wapi.

Tena majina yana jinsi, na ajabu ni kwamba mengi hugeuka jinsi yanapokuwa wingi: baba mmoja ni wa kiume, aabbaha, lakini akina baba huingia katika mlango wa kike, aabbayaasha. Mpandisho wa sauti nao hugeuza maana: inan kwa sauti ya juu mwanzoni ni mvulana, na kwa sauti ya juu mwishoni ni msichana. Haya mtoto wa nyumbani huyapata bila ya kujua kuwa ameyapata, na mtu mzima huyatolea jasho.

Na yako maneno ambayo hayana mwenzake katika lugha ya skuli. Kisomali kina "sisi" mbili. Innaga ni sisi sote pamoja na wewe tunayesema nawe. Annaga ni sisi bila ya wewe. Kiswahili chetu na Kiingereza hazina ila moja. Mtoto asiyejua Kisomali akikaa katika baraza ya wazee wake hajui wakati gani anatiwa katika jamaa na wakati gani anatolewa. Vile vile mama wa Kisomali humwita mwanawe "hooyo", neno lile lile analoitwa yeye, maana yake mama. Na baba humwita mwanawe "aabbe". Utalifasirije hilo kwa Kiingereza lisipotee utamu wake?

HOJA NA MAJAWABU YAKE

Wako wasemao: "Lugha ni mambo ya kabila. Sisi twataka Uislamu. Mtoto ajue Kiarabu cha Qur'ani na Kiingereza cha kazi, yatosha." Twajibu kuwa Mwenyezi Mungu katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, ametaja kutafautika kwa ndimi zetu pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi, akavihisabu vyote kuwa ni ishara zake. Na katika Sura ya Ibrahim, aya ya 4, ametujulisha kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Haiwi kitu alichokifanya Mola kuwa ni ishara, sisi tukakiita upuuzi. Lakini twaongeza onyo: anayekihifadhi Kisomali ili ajivunie ukoo wake na kuwadharau wa ukoo mwingine, huyo ameingia katika asabia iliyokatazwa, na vita vilivyowatoa watu nchini mwao vyamtosha kuwa ni fundisho.

Wengine husema: "Lugha mbili humchanganya mtoto, ataanguka skuli." Maneno haya wazazi wengi waliambiwa na walimu wa huko katika miaka iliyopita, nao wakayaamini. Wataalamu wa elimu leo wamekwisha kuyakanusha. Mtoto aweza kukua na lugha mbili na tatu bila ya kudhurika, na sisi watu wa mwambao twalijua hilo bila ya kuambiwa.

Na wako wa upande wa pili, wanaosema: "Tusijifunze lugha ya makafiri." Hao wamesahau kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa nusu ya mwezi hivi. Mzazi anayekataa kujifunza lugha ya nchi anayokaa ndiye anayemfanya mtoto wake kuwa mkalimani wake, na ubaya wa hilo tumekwisha kuueleza.

LA KUFANYA

Kwanza, nyumba. Serikali ya Sweden tangu mwaka 1977 imetoa haki ya mtoto kufundishwa lugha ya nyumbani kwake skulini, nayo ni hisani ya kushukuriwa. Lakini mara nyingi huwa ni kipindi kimoja kwa wiki. Denmark nayo mwaka 2002 iliziondolea halmashauri wajibu huo kwa watoto ambao asili yao si nchi za Umoja wa Ulaya na jirani zake. Kinachotolewa na serikali huweza kuondolewa na serikali. Basi mlango wa nyumba uwe ni mpaka: nje lugha ya nchi, ndani lugha ya mama, na mtoto akijibu kwa lugha ya nje aulizwe tena kwa upole, bila ya kuchekwa. Mtoto aliyechekwa kwa kukosea neno huliacha neno hilo milele.

Pili, chuo cha Qur'ani, ambacho wao hukiita dugsi. Zile sauti za ح na ع na ق anazosumbuka nazo mtoto katika Kisomali ndizo zile zile anazorekebishwa katika kisomo. Mwalimu mwenye busara hufundisha herufi moja mara mbili: mara moja katika neno la Qur'ani, na mara ya pili katika neno la nyumbani. Saa moja ya chuo ikatumika hivyo, dini na lugha zitanufaika pamoja.

Tatu, khutba. Katika misikiti ya ng'ambo wazee hutaka mawaidha kwa Kisomali, na vijana hawayafahamu. Yakitolewa kwa Kiingereza, wazee hukaa kama mawe. Rai yetu ni kuwa yatolewe kwa zote mbili, kwa kuwa lengo la mawaidha ni kufahamika. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti lake Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliandika humo kwa Kiswahili kwa sababu hiyo hiyo. Alitaka yafike.

Nne, simu na safari. Bibi aliyeko Mombasa au Hargeysa huonekana leo katika simu kila siku bila ya gharama kubwa. Mzazi asimalize mazungumzo yeye peke yake, kisha akampa mtoto simu aseme salamu na kuaga. Ampe robo saa, na atoke chumbani.

NA SISI JE?

Tusidhani kuwa tunasoma khabari za watu wa mbali. Ndugu zetu wa Barawa, ambao Chimiini chao ni tawi la Kiswahili hiki hiki, na ambao kwa lugha hiyo Dada Masiti alitunga tungo za dini, walifika Mombasa kwa vyombo baada ya 1991. Wengi sasa wako Marekani na Uingereza, na lugha yao, isiyosemwa na watu wengi tangu asili, imetawanyika miji na miji. Na hapa hapa petu, ni nyumba ngapi za Lamu na Mombasa ambazo mama husema Kiamu au Kimvita, na mtoto hujibu kwa Kiingereza cha skuli au Sheng, na mama hufurahi kuwa mwanawe ameendelea? Sisi hatukupanda ndege. Ugeni umetufuata majumbani.

Baba yule wa kisa chetu, kabla ya kurudi Marekani, alimwacha binti yake kwa bibi siku nne, akaenda Garissa kwa shughuli zake. Jirani yetu asema kuwa siku ya kwanza kulikuwa na kilio. Siku ya nne mtoto aliomba maji kwa Kisomali. Ni neno moja, biyo, nalo si kitu kwa mwenye kujua. Bibi aliondoka kwenda kuyateka huku akilia.

MASWALI YA KUZUNGUMZIWA KATIKA DARSA

1. Je, katika nyumba yako mtoto hujibu kwa lugha gani, na ni nani aliyelianza jambo hilo?
2. Pana tafauti gani baina ya kuipenda lugha ya wazee na asabia? Toa mfano wa kila moja.
3. Ni neno gani ulilolisikia kwa bibi yako ambalo watoto wako hawalijui? Njoo nalo darsa ijayo.

Wabillahi tawfiq.